Kurasa za maelezo kwenye Moodle, na zifunguke hata kwa asiyeingia

Ukurasa muhimu kuliko yote kwenye Moodle ya chuo, yaani mfumo wa masomo mtandaoni, ni ule anaouhitaji mwanafunzi ambaye bado ameshindwa kuingia. Nasimamia Moodle ya chuo cha ualimu hapa Iringa, na kila muhula ukianza maswali ni yaleyale: jina la mtumiaji ni lipi, nenosiri limepotea, namba ya malipo inapatikana wapi. Vyuo vingi huyaweka majibu ndani ya kozi, mahali ambapo muulizaji hawezi kufika. Tuyatoe nje.

Huhitaji kujua kuandika programu. Ingia kama msimamizi mkuu, fungua "Site administration", tafuta mipangilio ya "Site home" na uweke tiki kwenye "Include a topic section". Bila tiki hiyo sehemu ya kuongezea vitu katikati ya ukurasa wa mwanzo haitokei. Kisha rudi ukurasa wa mwanzo, washa "Edit mode" na uongeze "Page".

Sasa andika, na hapa usiwe na haraka. Ukurasa wetu wa "Jinsi ya kuingia" unaanza na mfano kamili wa jina la mtumiaji, kwa sababu namba za usajili zina mikwaju (/), na Moodle kwa mpangilio wake wa kawaida haikubali mkwaju kwenye jina la mtumiaji. Kama mmegeuza mikwaju kuwa vistari (-), onyesha namba moja ya mfano kabla na baada ya kugeuzwa. Maelezo marefu hayafikii mfano huo mmoja. Picha za skrini zikate zibaki na sehemu inayohusika tu, uzipunguze ukubwa kabla ya kuzipandisha. Wengi wanafungua kwa simu, kwa bando la kupimia. Kwenye ukurasa wa ada ruhusu tarehe ya marekebisho ya mwisho ionekane, maana mzazi anayetuma fedha ana haki ya kujua kama kiwango anachosoma ni cha mwaka huu.

Kurasa zikiwa nyingi zitajaza ukurasa wa mwanzo. Washa "Allow stealth activities" kwenye "Advanced features", kisha kwa kila ukurasa chagua upatikane bila kuonyeshwa. Usiufiche kabisa, kwa sababu ukifichwa wanafunzi hawataweza kuufungua hata wakiwa na kiungo.

Kiungo chenyewe kiweke kwenye menyu ya juu. Kwenye mipangilio ya mandhari (theme), chini ya "Appearance", kuna kisanduku cha "Custom menu items". Kila mstari ni jina, mkwaju wima, halafu anwani:

Jinsi ya kuingia|/mod/page/view.php?id=12

Namba 12 badilisha uweke ile unayoiona kwenye anwani ya ukurasa wako. Mstari ukianza na kistari unakuwa menyu ndogo chini ya ule uliotangulia. Kiungo hichohicho kiweke pia kwenye "Instructions" ndani ya "Manage authentication", ili kionekane palepale kwenye ukurasa wa kuingilia, mtu anapokwama.

Halafu jaribu. Fungua dirisha la faragha kwenye simu, bila kuingia, ubonyeze kila kiungo. Ukiombwa nenosiri, huenda chuo kimewasha "Force users to log in". Kama uongozi hautaki kuizima, weka plagini, yaani programu ya nyongeza, ya "Static pages" (local_staticpage). Unapandisha faili la HTML, jina la faili linakuwa jina la ukurasa, na plagini ina mpangilio wake wa kuamua kama kurasa hizo zidai kuingia au la. Faili la ada.html litafunguka kwa /local/staticpage/view.php?page=ada. Ubaya wake ni kwamba kila rekebisho linataka faili lipandishwe upya, kwa hiyo mimi huitumia kwa kurasa ambazo hazibadiliki mara kwa mara.

Sera ya faragha usiiweke kwa njia yoyote kati ya hizi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ridhaa ya mwanafunzi si jambo la kudhania. Moodle ina zana yake ya "Policies", inayomwonyesha mtumiaji sera, inapokea ridhaa yake na kuweka kumbukumbu kwamba alikubali toleo lipi na lini.