Somo: Siku Tatu Lamu kwa Anayetoka Nairobi, Ukifuata Maji

Ndugu wanachama, mara ya kwanza kwenda Lamu nilipanga ratiba yote kwenye simu nikiwa ndani ya matatu ya Rongai. Saa mbili ngome, saa nne magofu ya Takwa, saa nane kijiji cha Shela. Hiyo saa nne ilitukuta tumekwama kwenye tope katikati ya mikoko, tukala embe juani mpaka alasiri maji yaliporudi. Nahodha hakushtuka. Alikuwa ameniambia asubuhi kwamba maji yanakupwa, nami nikamwonyesha simu. Basi somo hili naanza na maji.

Hatua ya 1: Tazama mwezi kabla ya kukata tiketi

Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua. Maji hujaa sana alfajiri na jioni, kisha hukupwa mbali karibu na saa tano asubuhi. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na kujaa huangukia kama saa nne asubuhi. Kila siku kujaa huchelewa kwa dakika 50 hivi. Kwa mtu mwenye siku tatu tu, mimi ningechagua siku za mwezi nusu, kwa sababu ya Takwa, ambako mashua hufika maji yakijaa tu. Nitaeleza.

Hatua ya 2: Njia

Mwenye pesa apande ndege Wilson, ashuke Manda, avuke kwa boti. Wengine wetu tunachukua treni Syokimau, tunalala Mombasa, kisha basi la asubuhi hadi Mokowe kupitia Malindi, Garsen na Witu. Ukifika Mokowe, safari ya gari imekwisha, unaingia boti ya kuvuka hadi Lamu. Kitambulisho kiwe mfukoni, si ndani ya begi lililofungwa juu ya basi, maana mtashushwa kwenye vizuizi kukaguliwa.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza, usiende popote

Yaani zurura. Lamu nayo ina Harambee Avenue, ila hii yao, ambayo wenyewe huiita Usita wa Mui, punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja hana budi kusubiri. Wewe pia utabana ukutani. Ukisikia mtu anapiga kelele nyuma yako, pisha kwanza, uulize baadaye.

Upande wa kaskazini ni Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Tazama milango ya nakshi, lakini tazama zaidi daka, ule ukumbi mdogo wenye viti vya mawe mbele ya mlango. Hapo ndipo mgeni hupokewa bila kuingia ndani kwa watu. Ukipata nyumba ya Waswahili iliyofanywa makumbusho, ingia uone vidaka, vile vishubaka vya ukutani. Langoni, upande wa kusini, kuna kelele na chakula zaidi. Mji huu wote wa kale uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na bado watu wanaishi humo, wanaanika nguo na kugombana na mbuzi. Kwa hiyo usipige picha ya mtu kabla hujamwomba.

Hatua ya 4: Ngome na makumbusho

Ngome ilijengwa kati ya 1813 na 1821, baada ya Lamu kuwashinda watu wa kisiwa cha Pate na wa Mombasa katika vita vya Shela. Kuanzia 1910 hadi 1984 ilikuwa gereza. Panda juu jua likianza kushuka, utazame uwanja wa mbele na wazee wanaocheza bao.

Makumbusho ya Lamu yako kando ya bahari. Usipite haraka kwenye siwa: ile ya pembe ya ndovu kutoka Pate na ile ya shaba ya Lamu. Ni baragumu zilizopigwa kwenye shughuli za wakubwa, na kwa maoni yangu hizo peke yake zinatosha kiingilio. Posta ya Wajerumani, iliyofanya kazi 1888 hadi 1891, ni ya dakika kumi tu.

Hatua ya 5: Takwa

Magofu haya yako kisiwa cha Manda, mwisho wa mkono mwembamba wa bahari unaopita kwenye mikoko. Maji yakikupwa mashua haifiki. Ongea na nahodha usiku uliotangulia, na swali liwe moja: "Maji yanajaa saa ngapi, na yatatosha?" Muda atakaosema ndio huo, usibishane naye. Mkifika mna saa chache za kuona msikiti wenye nguzo juu ya kibla, kaburi la mnara na mibuyu, kisha mrudi kabla maji hayajawaacha. Watu walihama Takwa karne ya 17, na inasimuliwa kwamba walivuka wakahamia Shela.

Hatua ya 6: Shela

Ni kilomita tatu hivi kwa miguu kutoka mji wa Lamu, kando ya bahari. Hapa mambo yanageuka: nenda maji yakiwa yamekupwa, kwa sababu bamvua likijaa, sehemu za njia hulowa. Ufuo una urefu wa kilomita 12 na hakuna kivuli. Beba maji ya kunywa.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanachama wa Umoja: Nina mama mzee mwenye magoti. Ataweza?*

Mjini ataweza taratibu, asubuhi. Ngazi za ngome na kushuka botini ndiyo shida. Mwambie nahodha mapema achague gati lenye ngazi nzuri, na mshuke maji yakiwa yamejaa, kwani yakikupwa ngazi huwa nyingi na zina utelezi. Takwa mwache apumzike, ale mkate wa mofa.

*Mwanachama wa South B: Watoto watachoka na magofu. Kuna nini chao?*

Hospitali ya punda, iko tangu 1987. Wangu hawakutaka kutoka.

*Mwanachama wa Kasarani: Niende wakati wa Maulidi?*

Nenda, ila tafuta chumba miezi mapema. Husherehekewa mwezi wa Kiislamu wa Mfungo Sita, kitovu kikiwa msikiti wa Riyadha. Mabega na magoti yafunikwe, kanga au kikoi vinatosha. Ramadhani pia inawezekana, ila mchana usile barabarani.

*Mwanachama wa Embakasi: Usalama wa barabara je?*

Sehemu ya baada ya Garsen imewahi kushambuliwa, sitakuficha. Sikiliza habari za wiki hiyo, safiri mchana. Ukiwa na wasiwasi, panda ndege.

*Mwanachama wa Umoja tena: Na nahodha akisema maji ni saa kumi na moja alfajiri?*

Lala mapema, mama.