Unasikiliza nini sasa? Namna ya kuitaja rekodi ya jazz mpaka mwenzako aipate ileile

Ukiandika "namsikiliza Coltrane", bado hujamsaidia msomaji wako. John Coltrane, mpiga saksafoni, alirekodi kwa kampuni za Prestige, Blue Note, Atlantic na Impulse, na Coltrane wa 1957 hafanani na yule wa 1966. Anayetaka kusikia unachosikia wewe anahitaji mambo matano: kiongozi wa kikao cha kurekodi, jina la albamu, lebo (kampuni iliyoitoa) pamoja na namba yake, tarehe ya kurekodi, na nani anapiga nini. Ukishayatimiza hayo, mwonyeshe wimbo mmoja na dakika moja ya kutega sikio.

Kama kundi lenu lina watu wa kila aina, semeni kwanza jazz ipi. Kwetu neno hilo limebebwa na bendi za dansi tangu zamani: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz. Hizo ni hazina, lakini ni muziki mwingine, na anayetafuta saksafoni ya Charlie Parker atapotea humo.

Ujumbe uliokamilika unaweza kuwa hivi:

"John Coltrane, Blue Train. Blue Note 1577. Ilirekodiwa 15 Septemba 1957, Hackensack, New Jersey. Coltrane saksafoni ya teno, Lee Morgan tarumbeta, Curtis Fuller tromboni, Kenny Drew piano, Paul Chambers besi, Philly Joe Jones drams. Nasikiliza CD. Wimbo wa kwanza: sikiliza pale Morgan anapopokea kutoka kwa Coltrane."

Ni mistari minne tu, na mwenzako hana haja ya kuuliza swali la pili.

Usiiache namba ya lebo hata kama unaona inachosha. Majina ya albamu hujirudia, na mikusanyo ya "nyimbo bora" huchanganya vikao vya miaka tofauti chini ya jalada moja. Ukitafuta kwa namba, unafika kwenye albamu yenyewe. Kwenye santuri utaikuta kwenye mgongo wa jalada na kwenye karatasi ya katikati. Anayesikiliza kwa simu aitafute Discogs, tovuti inayoorodhesha rekodi, halafu alinganishe orodha ya nyimbo na ile iliyo kwenye simu yake.

Tarehe ndiyo inayokosewa zaidi, kwa sababu programu za simu huonyesha mwaka wa toleo, na mara nyingi ni toleo la marudio. Asante ya mpiga piano McCoy Tyner ilitoka 1974, lakini ilipigwa Septemba 1970. Ukiandika 1974 unamfanya msikilizaji aiweke baada ya albamu ambazo kwa kweli zilirekodiwa baadaye, kisha ashangae mbona Tyner amerudi nyuma. Andika miaka yote miwili, wa kurekodi ukitangulia.

Kiongozi naye hubadilishwa na wauzaji. Tanganyika Strut, iliyorekodiwa 1958 kwa lebo ya Savoy, ni kikao cha Wilbur Harden, mpigaji wa tarumbeta na flugelhoni. Coltrane alikuwa mwalikwa. Alipopata umaarufu, rekodi za vikao vile zikaanza kuuzwa kwa jina lake, na leo ukitafuta kwa jina la Harden peke yake unaweza usizione. Mtaje Harden kwanza, kisha ongeza kwamba huenda ikapatikana kwa jina la Coltrane. Ni haki yake.

Kwa wapigaji, kagua wimbo kwa wimbo. Wengi huandika kwamba piano ya Kind of Blue, albamu ya Miles Davis, ni Bill Evans, wakaishia hapo. Kwenye "Freddie Freeloader" anayepiga ni Wynton Kelly, na kwenye "Blue in Green" mpiga saksafoni Cannonball Adderley hayumo kabisa. Kwa bendi kubwa mtaje na mpangaji wa muziki. Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa New York Novemba 1960, ilipangwa na Melba Liston, na bila yeye ile sauti nene ya tarumbeta, tromboni na saksafoni isingekuwepo. Sisi tuna sababu ya ziada ya kuianza mwanzo kabisa: shairi la Langston Hughes, mshairi wa Marekani, linasomwa humo kwa Kiswahili na Tuntemeke Sanga wa Tanganyika. Usiruke utangulizi.

Mwandishi, albamu ya mpiga piano Herbie Hancock, iliyorekodiwa 31 Desemba 1970, ina mtego wake. Wanabendi walijipa majina ya Kiswahili: Hancock ni Mwandishi, Buster Williams ni Mchezaji, Billy Hart ni Jabali, Eddie Henderson ni Mganga, Bennie Maupin ni Mwile. Andika majina yote mawili, la sivyo mtu atatafuta rekodi nyingine za "Mganga" asizipate. Humo mwonyeshe msikilizaji "Ostinato": mzunguko wake ni mapigo 15, si 16, kwa hiyo anayehesabu kwa mguu atajikuta amechelewa kila duru. Mwambie mapema, asidhani kifaa chake kinaruka.

Toleo lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Katika kikao cha kwanza cha Kind of Blue, 2 Machi 1959, mashine ya kurekodi ilikwenda polepole kidogo. Tepu ilipochezwa kwa mwendo sahihi, nyimbo tatu za upande wa kwanza zikatoka zikiwa na kasi zaidi, na sauti imepanda kwa kiasi kisichofika nusu toni. Matoleo ya kabla ya 1992 yana kasoro hiyo. CD ya 1997 imesahihishwa. Anayejifunza saksafoni akipiga sambamba na nakala ya zamani ataona chombo chake kiko chini, akahangaika kukirekebisha bure. Hata dakika hupishana kati ya nakala hizo. Kwa hiyo usitegemee saa peke yake, taja na tukio: "So What, karibu dakika 1:30, Jimmy Cobb anapopiga tasa (sahani ya drams) na Miles anaanza solo." Kwa alama hiyo hakuna atakayepotea.

Kutuma sasa. Usiweke simu mbele ya spika ukarekodi ujumbe wa sauti. Njia hiyo imetengenezwa kwa maneno ya mtu. Tasa zinageuka mchanga na besi inapotea. Tuma kiungo. Wenye bando dogo waambie ukubwa: kwa ubora wa kbps 320 (kiasi cha data kwa sekunde), dakika moja hula takriban MB 2.4, hivyo albamu ya dakika 45 ni kama MB 108. Kwa kbps 128 ni kama MB 43. Waambie pia watumie spika za masikioni, maana spika ya simu haimtoi Paul Chambers. Na wazime kuchanganya nyimbo: A Love Supreme ya Coltrane ina sehemu nne zinazofuatana, na ukianza na ya tatu umeingia katikati ya sala.

Wenye santuri wana jambo moja zaidi la kuandika. Iinamishe sahani chini ya taa, usome eneo tupu kati ya mwisho wa mifereji na karatasi ya katikati. Kwenye Blue Note, herufi RVG au VAN GELDER zinaonyesha kwamba fundi sauti Rudy Van Gelder ndiye aliyeichonga mifereji. Karibu nazo tafuta alama ndogo kama herufi P ya mkono, ambayo wakusanyaji huiita sikio: ni ya kiwanda cha Plastylite, kilichofyatua santuri hizo mpaka katikati ya miaka ya 1960, lebo ilipouzwa kwa kampuni ya Liberty. Ukiona RVG bila sikio kwenye albamu ya miaka ya 1950, mara nyingi hiyo ni nakala iliyofyatuliwa baadaye. Iandike hivyo hivyo, hasa kama kuna mtu anayefikiria kuinunua.