Kuomba PhD ya ustawi wa jamii: roho nzuri haitoshi

Ukikaa kuandika barua ya maombi usianze na "tangu utotoni napenda kusaidia watu", tafadhali. Kila anayeomba anapenda kusaidia watu, na kamati inatafuta mtu wa kufanya utafiti.

Lakini kwanza jiulize kama ni PhD kweli unayoitaka. Marekani kuna DSW pia (Doctor of Social Work, udaktari wa kazi za jamii), hiyo ni ya watendaji, wale wanaotaka kuongoza mashirika au kubobea kwenye huduma yenyewe, PhD ni ya utafiti na kufundisha chuo. Halafu majina yanachanganya, vyuo vya Berkeley na UCLA kule California shahada ni ya ustawi wa jamii (social welfare), kwingine inaitwa ya kazi za jamii (social work), ukisachi jina moja zingine zinakupita. Programu nyingi za huko zinataka uwe na masta na ukiwa umefanya kazi fildi miaka miwili hivi unakuwa na nguvu zaidi. Uingereza mambo ni tofauti, unaenda na pendekezo la utafiti mkononi na supavaiza umeshamtafuta mwenyewe.

Sasa ile barua, hapa ndo watu wanaanguka. Mfano umefanya kazi na vijana wanaotoka kwenye vituo vya kulelea watoto. Ukiandika "nataka kuwasaidia vijana hawa" umemaliza, hakuna cha kusoma. Andika hivi: "Vijana wawili wametoka kituo kimoja mwezi mmoja, mmoja ana ndugu wa kumpokea na mwingine hana, je ndugu ndiye anayeleta tofauti au ni ile miezi sita ya kwanza ya kodi ya nyumba?" Hilo ni swali, mtu anaweza kulipima. Kisha taja maprofesa wawili watatu wa pale wanaogusa jambo hilo, na uwe umesoma makala zao kweli maana wanajua ukidanganya. Na angalia kama bado wapo, mimi niliwahi kumsifia mmoja kurasa nzima kumbe alishastaafu, aibu yake hadi leo.

Barua za rekomendesheni huwa ni tatu. Omba miezi miwili kabla, watumie CV na rasimu yako, wakumbushe bila aibu, mwalimu ana wanafunzi wengine thelathini wanaomsumbua hivyo hivyo. Dedlaini nyingi za Marekani ziko Desemba. GRE, ule mtihani wa kujiunga na masomo ya juu Marekani, wengi wameiacha, soma ukurasa wa idara kabla hujalipia mtihani, ila mitihani ya Kiingereza, TOEFL au IELTS, matokeo yanakaa miaka 2 tu kwa hiyo usifanye mapema mno. Ada ya maombi ikikushinda andika imeili uombe msamaha wa ada, vyuo vingi wanao utaratibu huo.

Ukipata ofa yenye ufadhili usipanic, vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kumpa mtu mpaka tarehe 15 Aprili kujibu, kwa hiyo wakikukimbiza Februari waulize kwa upole kama na wao wamo kwenye makubaliano hayo.