Somo: Tengeneza programu yako ya kutazamia picha kwa Python

Wakuu, leo tunaandika programu ndogo ya kompyuta: dirisha moja na kitufe kimoja. Unachagua picha, inaonekana. Nachukulia Python unaijua kidogo.

Hatua ya 1: Vifaa

Tkinter, inayochora madirisha, inakuja pamoja na Python ya Windows. Wa Ubuntu andikeni `sudo apt install python3-tk python3-pil.imagetk`. Wa Windows: `pip install pillow` (kwa Ubuntu, Pillow ndiyo hiyo `python3-pil.imagetk`). Pillow tunaihitaji kwa sababu Tkinter peke yake inasoma PNG na GIF, lakini JPEG, ambazo ndizo zimejaa kwenye simu zetu, haizisomi. Ndani ya kodi tunaiita PIL, jina la maktaba ya zamani iliyorithiwa na Pillow. Usihangaike na `pip install PIL`, hutafika popote.

Hatua ya 2: Kodi

Hifadhi kama `kitazama.py`:

```
import tkinter as tk
from tkinter import filedialog
from PIL import Image, ImageOps, ImageTk

dirisha = tk.Tk()
dirisha.title("Kitazama Picha")
dirisha.geometry("820x680")
lebo = tk.Label(dirisha)
lebo.pack(expand=True)

def fungua():
    njia = filedialog.askopenfilename(
        filetypes=[("Picha", "*.jpg *.jpeg *.png *.gif")])
    if not njia:
        return
    picha = ImageOps.exif_transpose(Image.open(njia))
    picha.thumbnail((800, 600))
    foto = ImageTk.PhotoImage(picha)
    lebo.config(image=foto)
    lebo.foto = foto

tk.Button(dirisha, text="Fungua picha", command=fungua).pack(pady=8)
dirisha.mainloop()
```

Hatua ya 3: Mstari unaoonekana kama hauna kazi

Tazama `lebo.foto = foto`. Mara ya kwanza niliufuta, nikaona ni uchafu tu, na usiku ule sikulala. Dirisha linafunguka, terminali hailalamiki, lebo inatanuka sawasawa na ukubwa wa picha, ila ndani ni kijivu kitupu. Kumbe `foto` inaishi ndani ya `fungua` tu. Fanksheni ikimaliza na hakuna mwingine aliyeishika, Python inaifagia, na lebo inabaki na nafasi bila picha. Mstari ule unaikabidhi lebo iishike.

`exif_transpose` ni kwa ajili ya picha za simu: nyingi huhifadhiwa zimelala, pamoja na maelezo ya upande wa kuzigeuzia. Ukiiacha, bibi harusi atalala ubavu. `thumbnail` hupunguza picha bila kuivuta upande mmoja, ndogo haiikuzi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kwangu nikiendesha tu, linakuja dirisha la kuchagua faili kabla sijabonyeza chochote. Kitufe chenyewe kimekufa.*

Umeandika `command=fungua()`. Toa mabano. Ukiyaweka, fanksheni inaitwa papo hapo na kitufe kinapewa jibu lake, yaani hakuna kitu.

*Natumia Ubuntu. Folda ina picha za kamera kibao, programu inaonyesha tupu.*

Angalia majina, bila shaka yanaishia na `.JPG`. Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Ongeza `*.JPG *.JPEG *.PNG` kwenye orodha.

*Mwalimu, kitufe cha picha inayofuata tunakiwekaje?*

Chukua majina ya folda kwa `sorted(os.listdir(folda))`, chuja yasiyo ya picha, tunza namba ya uliyopo. Kila mbonyezo: `namba = (namba + 1) % len(orodha)`. Alama ile ya asilimia ndiyo inayokurudisha mwanzo ukifika mwisho. Usisahau `global namba`. Jaribu kwanza, ukikwama weka kodi yako hapa tuione.

*Nataka kumpa mjomba, kompyuta yake haina Python.*

`pip install pyinstaller`, kisha `pyinstaller --onefile --windowed kitazama.py`. Faili utalikuta kwenye folda ya `dist`. Kama mjomba anatumia Windows, litengeneze ukiwa kwenye Windows. La Linux halitafunguka kwake. Na usishtuke kwa ukubwa wake, limebeba Python nzima tumboni.