Maneno ya kumwambia mfanyakazi kuhusu kazi yake

Ukisimamia gesti Bagamoyo, usimwambie mhudumu "wewe mvivu" wala "kila siku unachelewa". Atatetea utu wake, na kazi yenyewe itasahaulika. Taja tukio, siku na athari: "Dada, Jumanne na Alhamisi vitanda vya chumba cha 4 na cha 7 vilikuwa havijatandikwa saa nane mchana. Wageni wakakaa na mizigo yao barazani. Kulitokea nini?"

Kisha nyamaza, umsikilize kweli. Huenda mashuka yalikuwa bado mabichi kambani, na hilo ni la dobi, si lake.

Kubalianeni jambo moja tu, na siku ya kulitazama tena. Ukimsifu, usiunganishe na "lakini": neno hilo linafuta sifa yote. Wala msiyaongelee mambo haya pale mapokezi, mbele ya wenzake.