Kufunga Muziki wa Gari kwa Bajeti ya Kawaida: Pesa Ianzie Milango ya Mbele

Ukimpelekea fundi wa Dodoma IST, Passo au Raum, mazungumzo huanzia kwenye sabufa: ya inchi ngapi? Hapo ndipo bajeti inapoanza kuvuja. Sauti ya mwimbaji, gitaa na kinanda hutoka kwenye spika za mbele. Sabufa, yaani spika kubwa ya besi, inajazia sauti nzito za chini tu. Kwa hiyo nunua kwa mpangilio ufuatao.

Hatua ya 1: Pima gari kabla ya kwenda dukani

Chukua futi kamba na mita ya umeme. Gari likiwa limezimwa saa kadhaa, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Washa injini, taa na AC: isome kati ya 13.5 na 14.4. Ikiwa chini ya hapo, pesa ya kwanza ni ya alteneta, mkanda au betri. Ampli (kifaa cha kuongeza nguvu ya sauti) itazidisha ugonjwa tu.

Kisha fungua kava la mlango. Toyota ndogo nyingi huchukua spika ya inchi 6.5 mbele, lakini ya kiwandani imeshikwa kwa ribiti. Ribiti hizo hutobolewa kwa drili, na spika mpya inahitaji ringi ya kuiinua. Pima kina kioo kikiwa kimeshushwa hadi mwisho, la sivyo sumaku nene itagongana na kioo. Ringi ya plastiki ni salama zaidi. Ya MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) isiyopakwa rangi hunyonya maji ya mvua ikavimba.

Hatua ya 2: Gawa pesa

Kwa mfano una laki sita. Weka laki mbili na nusu kwenye spika za mbele, laki moja kwenye waya, fyuzi, kuziba milango na ufundi, na laki mbili na nusu zilizobaki kwenye ampli na sabufa. Kama redio nayo lazima ibadilishwe, sabufa isubiri. Usipunguze fungu la waya hata kidogo, maana hilo ndilo linalozuia moto. Spika za nyuma ziache kama zilivyo.

Hatua ya 3: Redio

Redio iliyokuja na gari kutoka Japani nyingi huishia masafa ya 90 MHz, wakati FM yetu ni 88 hadi 108. Kifaa cha kushusha masafa hufanya kazi, ila stesheni zitasomeka kwa namba zisizo zake. Zipo pia skrini za Toyota zinazojifunga na kudai namba ya siri au kadi ya ramani betri inapotolewa, hivyo uliza kabla fundi hajagusa betri.

Ukinunua mpya, angalia upana. Redio pana ya Toyota ni milimita 200 na nyingi za madukani ni 178, kwa hiyo utahitaji vipande vya kuziba pembeni. Hakikisha ina matundu ya RCA (ya kupeleka sauti kwenye ampli) yaliyotengwa kwa ajili ya sabufa. Skrini kubwa za Android za bei ya chini zinapendeza macho, lakini nyingi zina sauti dhaifu kuliko redio ndogo ya kampuni inayojulikana. Kama unatafuta muziki, chukua hiyo ndogo.

Hatua ya 4: Spika

Usisome namba kubwa ya boksi, tafuta RMS, yaani wati za mfululizo. Hata redio iliyoandikwa 4 × 50 W kiuhalisia hutoa wati 15 hadi 20 tu kwa kila spika. Kama hutaziwekea ampli, namba muhimu zaidi ni dB, kipimo cha ukubwa wa sauti ambayo spika hutoa kwa umeme uleule: spika ya 90 dB hupiga kwa wati 15 sauti ambayo ile ya 87 dB huifikia kwa wati 30. Chagua 4 omu (kipimo cha ukinzani wa umeme). Ukiunga spika mbili za 4 omu sambamba kwenye waya mmoja wa redio, inabaki 2 omu na redio inaungua.

Kwa jua la Dodoma na gari linaloshinda nje, chagua ukingo wa mpira. Wa sponji huanza kumomonyoka mapema.

Hatua ya 5: Ziba milango

Hatua hii mafundi wengi huiruka, na ndiyo inayoleta tofauti kubwa kwa pesa ndogo. Bati la ndani la mlango lina mashimo makubwa. Hewa inayosukumwa nyuma ya spika hupenya humo, hukutana na ile ya mbele, na besi inafutika. Ziba mashimo hayo kwa karatasi nzito ya butili (mpira unaonata) yenye foili, kisha bandika kipande kingine kwenye bati la nje, nyuma ya spika. Zungushia spika mkanda wa sponji hadi uguse kava, sauti isipotelee ndani. Vumbi la barabara za Bahi au Mpwapwa nalo litapungua.

Usizibe vitundu vya chini ya mlango. Maji yanatokea hapo.

Hatua ya 6: Ampli na sabufa

Sabufa moja ya inchi 10 inatosha gari dogo. Boksi lililofungwa la lita 25, MDF ya milimita 18, kwa vipimo vya ndani vya sentimita 40 × 30 × 21, linazifaa nyingi. Hakiki na karatasi ya maelezo ya sabufa yako.

Ampli ya daraja D (aina isiyopoteza umeme mwingi) ya wati 300 RMS inavuta: 300 ÷ 0.8 ÷ 13.8, yaani karibu ampea 27. Tumia waya wa shaba wa milimita za mraba 10 na fyuzi ya ampea 40, isizidi sentimita 30 kutoka kwenye betri. Kwangua waya kwa kisu kabla ya kulipa: ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Waya wa ethi uwe mfupi, chini ya nusu mita, ufungwe kwenye bati la gari lililochubuliwa rangi.

Hatua ya 7: Seti, kisha jaribu

Kwa spika za mlango, kata sauti nzito zilizo chini ya 80 Hz. Sabufa ipige chini ya hapo. Weka redio kwenye robo tatu ya volyumu, ongeza geini (kirekebishi cha nguvu kwenye ampli) taratibu, na ikianza kukwaruza rudisha nyuma kidogo. Besi ikiwa nyembamba, geuza chanya na hasi ya spika moja tu na usikilize tena.

Mluzi unaopanda na injini mara nyingi ni ethi mbovu, au waya wa RCA umelala pamoja na wa umeme. Wapitishe pande tofauti za gari. Betri ikiamka imekufa, angalia waya wa kuwashia ampli, ule wa bluu na mweupe: huenda umeungwa kwenye wa njano, ambao hauzimiki hata ukitoa ufunguo.