Somo: Kutambua pora na tembe kabla hujauza

Swali la "huyu ni pora (kuku dume mchanga) ama tembe (jike ambaye hajaanza kutaga)?" limeniandama mwezi mzima, na kila mara linakuja na picha moja ya kifaranga ndani ya boksi. Naandika yote mara moja. Nafuga kienyeji wa kawaida na kienyeji walioboreshwa hapa Ruai, Nairobi, na ninayosema ni ya kuku hao.

1. Siku ya kwanza hadi wiki ya tatu: usibahatishe. Joto, maji, chakula, chanjo.

2. Wiki ya nne: anayekutia shaka mfunge uzi wa sweta mguuni kama alama. Ulegeze kila wiki, maana mguu unanenepa upesi na uzi utakata ngozi.

3. Wiki ya tano hadi ya nane: upanga wa kichwani. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikuwa na vifaranga 30 wa wiki saba. Nikawatazama kwa pamoja, wenye upanga mkubwa nikawaita majogoo, nikamuuzia jirani tisa awanenepeshe. Miezi minne baadaye akanijia mlangoni na yai mkononi, bado lina joto. Wanne kati ya wale tisa walikuwa mitetea, na kwangu wale niliowatunza wanitagie walikuwa wanawika. Nilimrudishia pesa, lakini mitetea wangu walikuwa wameshakwenda.

Kosa langu lilikuwa hili: kienyeji wamechanganyika. Kuna wenye upanga uliosimama wenye meno kama msumeno, na kuna wenye upanga bapa uliolala kichwani kama punje. Tembe wa upanga wa msumeno anaweza kumshinda pora wa upanga bapa kwa ukubwa. Kwa hiyo watenge kwanza, kila upanga na wenziwe, ndipo ulinganishe. Na tazama rangi kuliko ukubwa: pora wa wiki saba upanga umeiva wekundu na ndevu zimeanza kuning'inia chini ya mdomo, tembe bado umepauka.

Tahadhari mbili. Usikague chini ya balbu nyekundu ya joto, kila upanga utauona mwekundu. Mtoe nje mchana. Pili, pora aliyetoka kuugua kuhara damu hupauka akafanana na tembe. Mpe muda apone.

4. Miguu: ya pora ni minene zaidi. Peke yake haitoshi.

5. Wiki ya 12 hivi: manyoya ya mgongoni, pale karibu na mkia. Huu ndio ushahidi ninaouzia kuku. Mshike, pitisha kidole, vuta unyoya mmoja polepole bila kuung'oa. Wa pora ni mwembamba, unang'aa, una ncha, na huangukia ubavuni. Wa tembe ncha yake ni ya mviringo kama ukucha wa kidole gumba.

6. Kuwika: akiwika umemjua, lakini usingoje. Pora anayeonewa na mkubwa wake anaweza kunyamaza muda mrefu.

MASWALI (kila muulizaji nimemtaja kwa mtaa wake)

Kayole: Huyu ni jike ama dume? Picha hiyo hapo.

Jibu: Ana wiki ngapi? Upanga wake ni wa aina gani? Rudi hatua ya tatu.

Dagoretti: Somo hili si kweli. Nilinunua wale wa kahawia wa mayai, siku ya kwanza wakatengwa na wote wanataga.

Jibu: Nimeandika kuku gani mwanzoni kabisa. Hao wa kahawia wamezalishwa makusudi ili rangi itenganishe jinsia: majike hutoka kahawia, madume manjano yaliyofifia. Ukiwazalisha wao kwa wao, alama hiyo haitegemeki tena. Hata kupima manyoya ya bawa siku ya kwanza hufaa kwa mbegu zilizoandaliwa hivyo tu.

Githurai: Shikamoo mama. Nyanya alituambia yai lenye ncha kali hutoa jogoo. Nikichagua ya mviringo nitapata mitetea wengi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Wengi tumelelewa na hilo, ila halina ukweli. Jinsia hutoka kwa mama: jogoo ana kromosomu mbili za Z, kuku jike ana Z na W, na ile anayoitoa ndiyo inayoamua, kabla ganda halijaundwa. Umbo la yai ni la kuku mwenyewe, na mara nyingi anayetaga ya mchongoko hutaga hivyo hivyo. Chagua yai safi lisilo na ufa, lihifadhi ncha ikitazama chini, kisha hesabu siku 21. Tarajia nusu kwa nusu.

Umoja: Dada, tembe wangu wa wiki 20 upanga umewiva ghafla. Nimekosea?

Jibu: Manyoya ya mgongoni yakoje?

Umoja: Mviringo. Nikimgusa mgongo anachuchumaa.

Jibu: Basi anakaribia kutaga, weka viota leo. Sasa ndio umpe chakula cha kuku wa kutaga. Usikitangulize kwa wadogo: kalsiamu yake ni nyingi mno, inaumiza figo.

Kahawa West: Badala ya uzi mimi hukata pete za mpira wa maji, nazipasua upande mmoja. Mguu ukinenepa inafunguka yenyewe.

Jibu: Hiyo nitaijaribu na kundi hili nililo nalo. Unakata upana gani?

Kahawa West: Kama kucha ya kidole kidogo. Ikizidi hapo wanaidonoa.